Jana Tumesogea Mita Ngapi? Mwendo wa uchimbaji na uzito wa dari kwenye migodi ya makaa ya mawe

Kwenye ripoti ya asubuhi ya mgodi wa makaa ya mawe kuna tarakimu moja ambayo wakubwa huitafuta kabla ya nyingine zote: jana tumesogea mita ngapi? Tani zinatoka hapo, posho ya zamu inatoka hapo, na meneja atapongezwa au ataitwa kujieleza kwa sababu yake. Nilisomea uchimbaji Xuzhou, jimbo la Jiangsu nchini China, na kwenye migodi tuliyopelekwa kujifunza tarakimu hiyo ilikuwa imetundikwa mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kuiona. Ubao ule hausemi kwamba mita hizo zinaugusa mwamba wenyewe. Mwendo wa jana unachangia kuamua dari ya leo itashuka kiasi gani, itavunjika wapi, na kama itavunjika taratibu au kwa kishindo.

Watu wa kazi hii wamegawanyika. Kuna wanaoamini kwamba uso wa kuchimbia lazima ukimbie, maana ukisimama dari inakukuta. Na kuna wanaoamini kwamba ukikimbia unauchokoza mwamba na utakulipa. Nimewasikia wote wakibishana, na kila upande ulikuwa na mgodi wake wa kutolea ushahidi. Mimi nimeishia kuamini kwamba wote wanasema kweli, ila wanazungumzia dari tofauti.

Nianze na picha yenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia neno mgodi, wengi tunaona duara la dhahabu lenye matimba, au shimo la wazi kama la Ngaka kule Mbinga, ambako makaa huchotwa mchana kweupe kwa ekskaveta. Migodi ninayoizungumzia hapa ni ya namna nyingine. Tabaka la makaa limelala mamia ya mita chini, unene wake mita mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Yanachongwa mapito mawili marefu yanayokwenda sambamba, tuseme mita 250 toka moja hadi jingine, kisha yanaunganishwa mwishoni kwa pito la tatu. Ukuta wa makaa kwenye pito hilo la tatu ndio uso wa kuchimbia. Mashine yenye ngoma mbili za meno inapita toka upande huu hadi ule, ikikata kama sentimita 80 za makaa kila safari. Makaa yanaangukia kwenye konveya ya minyororo. Juu ya watu na mashine kuna safu ya mihimili ya haidroliki, chuma kitupu, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 1.75 hivi, kwa uso wa mita 250 hiyo ni mihimili 140 na ushei. Mashine ikishapita, mhimili unajishusha kidogo, unajisogeza mbele, unajikaza tena darini. Nyuma yake dari inaachwa iporomoke. Ndivyo ilivyopangwa, na eneo hilo la nyuma nitaliita kifusi.

Uso wa mita 250 wenye unene wa mita 3 ukisogea mita moja tu unatoa mita za ujazo 750, karibu tani 1,000 za makaa. Mita kumi kwa siku ni tani 10,000. Sasa unaelewa kwa nini ubao unatundikwa pale.

Kuna hesabu ya pili ambayo haipendwi kama hiyo ya kwanza. Mwamba wa kawaida una uzito wa kama tani 2.5 kwa mita ya ujazo. Ukiwa kina cha mita 800, kila mita ya mraba juu ya kichwa chako ina tani 2,000, au kwa lugha ya wahandisi, megapaskali 20. Mhimili mzuri wa kisasa unaweza kusukuma dari kwa nguvu ya kama tani 1,000, na unafunika mita za mraba tisa au kumi. Gawanya: tani 100 kwa kila mita ya mraba. Asilimia tano ya kilichoko juu.

Kwa hiyo mihimili haibebi mlima. Inabeba mita chache za chini za dari, zile ambazo zingemwangukia mtu kichwani, na inasaidia matabaka ya juu yake yasipinde kupita kiasi. Mzigo wote mwingine umehamia pembeni: nyuma kwenye kifusi kilichoanza kushikana, pembeni kwenye makaa ambayo hayajachimbwa, na zaidi sana mbele, ndani ya makaa yaleyale ambayo mashine itayakata kesho. Mgandamizo pale mbele unaweza kufika mara mbili, mara tatu, hata mara tano ya ule wa kawaida wa kina hicho. Makaa ukiyapeleka maabara na kuyaponda bila kuyabana pembeni, mengi yanavunjika kati ya megapaskali 10 na 30. Ndiyo maana makaa yaliyo kwenye ukingo wa uso yamekwisha kupasukapasuka kabla hata mashine haijayafikia. Kilele cha mgandamizo kinakaa ndani zaidi, mita kadhaa au makumi ya mita mbele, ambako makaa yamebanwa pande zote na yanaweza kustahimili. Ukanda ule uliopasuka, kati ya uso na kilele, unaonekana mbovu, lakini ndio kinga ya wanaofanya kazi pale. Msomaji aukumbuke, maana mwendo unaugusa moja kwa moja.

Vitabu vya mwaka wa kwanza havisaidii sana kwenye suala la mwendo. Ukiuchukulia mwamba kuwa kitu kinachonepa na kurudi tu, hesabu ya mgandamizo haina saa ndani yake. Unaingiza kina, unene na ukubwa wa eneo lililochimbwa, unapata jibu. Ulichimba kwa mwezi mmoja au kwa mwaka mzima, jibu ni lilelile. Neville Cook na wenzake, walipokuwa wakitafuta chanzo cha mifyatuko ya mwamba, yaani mwamba kupasuka ghafla na kurushwa, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini miaka ya 1960, walitumia kipimo cha nishati inayoachiliwa kwa kila mita ya mraba inayochimbwa. Kipimo hicho kilisaidia mno kupanga uchimbaji wa vina virefu, lakini chenyewe hakijui kama mita hiyo ya mraba ilichimbwa kwa zamu moja au kwa wiki. Ukitaka kuijua tofauti hiyo lazima utoke kwenye mwamba wa karatasi uende kwenye mwamba wenyewe.

Mwamba wenyewe una nyufa, na ufa unahitaji muda ili ukue. Kipande cha makaa ukikigandamiza polepole kwenye mashine ya maabara, nyufa ndogondogo zinapata nafasi ya kutambaa na kuungana. Kinalegea, kinavunjika kwa mzigo mdogo zaidi, na nishati nyingi inakuwa imeishia kwenye zile nyufa. Kipande cha aina ileile ukikipakia mzigo haraka, kinaonekana kuwa na nguvu zaidi, kinahifadhi nishati zaidi, halafu kinapasuka kwa ukali. Aliyewahi kutengeneza kashata anajua: ikiwa bado ina joto, ukiikunja taratibu inanepa na kuchanika pembeni, ukiikunja kwa ghafla inakatika pa! na kipande kinaruka.

Tuanze na dari laini, ile ya matabaka membamba ya mwamba wa tope. Hii ni dari ya wale wanaosema tukimbie, na hapo wako sahihi kabisa. Dari ya namna hiyo inashuka muda wote, usiku na mchana, mashine iwe inakata au imezimwa. Uso ukisogea kwa kasi, kila kipande cha dari kinakaa juu ya vichwa vya watu kwa saa chache tu kabla hakijaachwa nyuma kiporomoke. Ukisogea polepole, kipande hichohicho kinakaa juu yenu kwa siku nzima, kinazidi kupasuka, kinaanza kuvuja mawe kati ya ncha ya mhimili na ukuta wa makaa, na ukuta wenyewe unaanza kumeguka. Mtu akipima jinsi dari na sakafu zinavyokaribiana, ataona kwamba mwendo wa kasi unapunguza mkaribiano huo kwa kila mita inayochimbwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili hauko maabara. Uko Uingereza. Mgomo mkuu wa wachimbaji wa makaa ulianza Machi 1984 ukaisha Machi 1985. Kwenye migodi iliyogoma, nyuso za kuchimbia zilikaa miezi kumi na miwili bila kusogea. Watu waliporudi kazini, baadhi ya nyuso hizo hazikuwa tena mahali pa kurudi: dari imeshuka, sakafu imepanda, mihimili imebanwa katikati. Hakuna aliyezikosea kwa kukata vibaya. Zilipotea kwa kusimama.

Kwa kipimo kidogo zaidi, hilo linaonekana kila mgodi unaopumzika mwisho wa wiki. Fundi mmoja mzee aliyetuongoza chini, tuliyekuwa tukimwita Shifu kama ilivyo desturi ya Wachina kwa fundi aliyewatangulia, alikuwa akiingia zamu ya kwanza baada ya mapumziko anapita kwanza mhimili kwa mhimili akisoma geji za shinikizo kwenye miguu ya kila mmoja, kabla hajaruhusu mashine iwashwe. Geji ikiwa imepanda hadi kiwango ambacho vali inaachia kimiminika cha haidroliki, alikuwa anajua dari imeshinda pale na mhimili umesalimu amri kidogo kidogo. Vali ile ikiachia inapiga mluzi mwembamba. Ukisikia miluzi mingi kwa mpigo, hutaki kuambiwa mara mbili.

Sasa twende kwenye dari ngumu, ambako ushauri wa kukimbia unageuka kuwa hatari.

Qian Minggao, ambaye alikuwa mwalimu wa chuo hichohicho cha Xuzhou, ndiye aliyeijenga nadharia ya tabaka kuu. Kiini chake ni kwamba kati ya matabaka kadhaa yaliyo juu ya makaa, mara nyingi kuna moja au mawili manene na magumu, mchangatuko (mwamba wa mchanga) wa makumi ya mita pengine, yanayoongoza tabia ya yote yaliyoko juu yake. Tabaka hilo halishuki taratibu. Uso ukisonga mbele, lenyewe linabaki limetokeza juu ya kifusi bila kitu cha kulishika, mita kumi, kumi na tano, ishirini, halafu linakatika. Likikatika, mihimili inapokea mzigo kwa mkupuo. Kisha kunatulia, uso unasonga, tabaka linatokeza tena, linakatika tena. Wachimbaji wa pale wanasema uzito umekuja. Mara ya kwanza kabisa, baada ya uso kuanza safari, huwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu tabaka limeshikwa pande zote nne na linachelewa kukatika.

Mwendo unabadilisha lini na wapi tabaka hili litakatika. Kukatika kunahitaji nyufa zitambae, na nyufa zinahitaji muda. Ukikimbia, tabaka linatokeza umbali mrefu zaidi kabla halijakatika, maana wewe umeshasogea mita nyingi wakati nyufa bado zinajipanga. Kipande kinachokatika kinakuwa kirefu, kizito, na kinachobeba nishati nyingi zaidi. Kwenye migodi ya Shendong, mpakani mwa Mongolia ya Ndani na Shaanxi, ambako makaa hayako kina kirefu na nyuso zinakimbia kweli, hili linajulikana vizuri: siku za kasi, umbali kati ya uzito mmoja na mwingine unaongezeka, na uzito ukija unakuja kwa nguvu. Kwa kuwa kina si kirefu, jibu lao limekuwa kununua mihimili mikubwa zaidi na zaidi. Pale Shangwan mwaka 2018 walianza kuchimba uso wenye kimo cha mita 8.8, wakatengenezewa mihimili ya kilonyutoni 26,000 kila mmoja, yaani zaidi ya tani 2,600. Ni ajabu ya uhandisi. Lakini si jibu unaloweza kulihamishia kwenye kina cha mita 1,000.

Kwenye kina hicho shida inahama toka darini kwenda kwenye makaa yenyewe. Ule ukanda uliopasuka niliokuomba uukumbuke hauumbiki kwa dakika moja. Kila mashine inapokata, kilele cha mgandamizo kinatakiwa kihame mbele, na makaa yaliyokuwa mazima yanatakiwa yapate muda wa kupasuka na kulegea. Ukikata safari sita kwa siku, yanaupata. Ukikata kumi na tano, huenda yasiupate. Unajikuta umelikaribia eneo lenye mgandamizo mkubwa kabla halijalegea: kilele kiko karibu zaidi na uso, kimepanda zaidi, na kinga iliyo kati yake na watu imekuwa nyembamba. Ongeza hapo dari ngumu iliyochelewa kukatika. Tabaka likikatika, mtikisiko wake unayakuta makaa yakiwa yamebeba karibu yote yanayoweza kubeba, na yanafyatuka. Tani za makaa zinarushwa ndani ya pito kwa sekunde moja, bila baruti.

Silesia ya Juu huko Poland wanaishi na jambo hili. Michangatuko minene juu, uchimbaji wa zaidi ya karne mbili, migodi mingi iliyokwishafika kina kirefu. Huko mitetemo ya migodi inasajiliwa kila siku kwa jouli, kipimo cha nishati, na mtetemo wa jouli 100,000, unaolingana na ukubwa wa takriban 1.7, unaanza kuhesabiwa kuwa mkubwa. Kupunguza mwendo wa uso ni moja ya hatua za kawaida kabisa za kujikinga: hali ikichafuka, uso unaambiwa usizidi mita kadhaa kwa siku, basi. Na ukitazama kumbukumbu za mitetemo ya mabonde ya makaa, utaona inapungua mwisho wa wiki na kupanda siku za kazi. Mwamba unafuata ratiba ya zamu, japo si kila mara. Tetemeko la mgodi wa Saar nchini Ujerumani, lenye ukubwa wa 4.0, lililoharibu kanisa la Saarwellingen na kuwatoa watu barabarani kuandamana, lilitokea Jumamosi, tarehe 23 Februari 2008. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, mgodi huo ukafungwa na uchimbaji wa makaa ukaisha jimboni Saarland.

Hapa napenda kuwatetea kidogo wale wa kundi la kwanza, maana katika mijadala ya usalama wanachorwa kama walafi wa tani. Kwenda polepole nako kuna vifo vyake. Makaa yanayobaki ndani ya kifusi yanavuta oksijeni na kupata joto. Uso ukisogea kwa mwendo wa kutosha, kifusi cha jana kinafunikwa na kushikana, hewa haikifikii tena. Uso ukisuasua, hewa inaendelea kupenya kwenye makaa yaleyale, joto linapanda siku hadi siku, na moto unaweza kuanza mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kufika. Wakati wa ule mgomo wa Uingereza, mgodi wa Frances kule Fife, Scotland, uliharibiwa na moto wa chini ya ardhi. Kwa hiyo migodi yenye makaa yanayowaka kirahisi ina mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa, kama vile migodi yenye mifyatuko ilivyo na mwendo wa juu. Kuna migodi yenye shida zote mbili. Mhandisi wa pale anabaki na nafasi finyu ya mita chache kwa siku kati ya moto na mfyatuko, na methani, gesi ya makaa inayoweza kulipuka, nayo ina neno lake, kwani kadiri unavyokata haraka ndivyo gesi inavyotoka kwa wingi kila saa, na feni zina kikomo.

Ila ukiniuliza kipi kinanitisha kuliko vyote, sitakutajia mwendo wa kasi wala wa polepole. Nitakutajia mwendo wa kurukaruka. Uso unasimama siku tatu kwa sababu konveya imekatika. Dari inashuka, makaa ya mbele yanajipanga kwa hali ya kusimama, mgandamizo unatulia mahali pake. Kisha mashine inapona, na agizo linashuka: lengo la mwezi halijabadilika, fidieni. Uso uliokuwa ukienda mita tano kwa siku unaenda tisa. Wastani wa wiki utaonekana mzuri kabisa kwenye karatasi, pengine hata chini ya kikomo. Mwamba haujui wastani. Umepewa siku tatu za kulala na siku nne za kukimbizwa, na mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayozalisha mitetemo. Heshima yangu kwa wahandisi wa kule imejengwa zaidi na wale wanaong'ang'ania mwendo uleule, safari sita leo, safari sita kesho, hata mashine ikiwa nzima na bosi akiwa amesimama nyuma yao.

China iliandika jambo hili kwenye kanuni. Kanuni za kina za kuzuia mifyatuko ya mwamba kwenye migodi ya makaa zilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2018, na zinadai kwamba kwenye maeneo ya hatari mwendo salama wa uso uwekwe wazi kutokana na tathmini ya hatari, na uwezo wa uzalishaji upangwe kutokana na mwendo huo. Soma mpangilio huo tena. Tani zinatokana na mwendo, na mwendo unatokana na mwamba. Kwenye migodi mingi duniani mpangilio ni kinyume: tani zinatoka ofisini, mwendo unakokotolewa kutoka kwenye tani, na mwamba unaarifiwa. Haikupita miezi mitatu, tarehe 20 Oktoba 2018, mfyatuko kwenye mgodi wa Longyun, wilaya ya Yuncheng, jimbo la Shandong, ukaua watu 21. Mfyatuko mmoja haubebwi na sababu moja. Kina, mipasuko ya kijiolojia na mpangilio wa mapito vyote huwa na sehemu yake. Lakini baada ya hapo suala la nani anaamua mwendo halikuwa tena mjadala wa darasani.

Kuna njia za kuupa mwamba kile ambacho mwendo unaunyima. Unaweza kutoboa mashimo makubwa kwenye makaa ya mbele ili yalegee mapema. Unaweza kulipua au kupasua kwa maji ya shinikizo lile tabaka gumu la darini ili likatike karibu na mihimili badala ya kutokeza mbali. Kazi hizi zikifanywa vizuri, kikomo cha mwendo kinaweza kupandishwa bila uhuni. Na kuna vipimo. Kimoja nilichokipenda kwa urahisi wake: unatoboa tundu la milimita 42 ndani ya makaa, mita kwa mita, na unapima uzito wa ungaunga unaotoka kila mita. Makaa yaliyobanwa sana yanatoa unga mwingi kuliko ujazo wa tundu lenyewe, keekee inakwama, na unasikia vishindo vidogo mle ndani. Watu wawili na mizani wanaweza kukuambia kilele cha mgandamizo kiko mita ngapi mbele yako. Kikiwa kimesogea karibu kuliko juzi, mwendo wako umezidi.

Rafiki zangu wa Mbeya huniuliza haya yanatuhusu nini. Kwa leo, machache. Mgodi wetu wa chini ya ardhi, Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1980, ni wa vyumba na nguzo, na kina chake hakifanani hata kidogo na cha Silesia. Huko swali la muda lina sura nyingine: nguzo za makaa zinaachwa zisimame miaka, zinamomonyoka pembeni, na miaka ileile mgodi uliposimama bila uzalishaji nguzo zilikuwa kazini kila siku. Yeyote atakayerudi kuchimba mle kwa ukubwa anapaswa kuzipima upya nguzo hizo kana kwamba hajawahi kuziona, na kuanza kwa mwendo mdogo.

Ndivyo walivyokuwa wakifanya kule China baada ya Sikukuu ya Majira ya Machipuko, yaani mwaka mpya wa Kichina, pale uso ulipokuwa umesimama kwa siku kadhaa. Siku ya kwanza walikagua na kukaza mihimili tu, na kutoboa matundu ya kupima unga. Siku ya pili mashine ilikata safari moja au mbili, ikazimwa, geji zikasomwa. Siku zilizofuata safari ziliongezwa moja moja, na kama mitetemo ilizidi usiku, asubuhi hakuna aliyeongeza. Mwendo wa kawaida ulirudi baada ya dari kuleta uzito mara moja na kutulia, na ubao wa mita ukabaki na tarakimu ndogo kwa zaidi ya wiki.